Mche Unanyauka na Mvua Inanyesha: Kutafuta Sababu Wakati wa Masika

Kuanzia wiki ya tatu ya Aprili watu huanza kuniletea majani. Huja nayo mkononi, wengine wameyafunga kwenye gazeti: jani la njano, jani lenye madoa, jani lililojikunja. Swali ni moja, hii dawa yake nini? Nami huuliza langu: umeufukua mzizi ukautazama? Karibu wote hawajaufukua.

Hapa Pemba masika huingia Machi na kumalizika Mei, na kisiwa kwa mwaka hupata mvua ya karibu milimita 1,900. Sehemu kubwa ya hiyo humiminika katika miezi mitatu hiyo, juu ya vilima vya udongo mwekundu, mabonde ya mpunga na maweni ya Micheweni. Ninaotesha miche ya miti yetu ya asili upande wa Konde, karibu na msitu wa Ngezi, na nyuma ya nyumba nina matuta ya mboga. Niliyojifunza humo ni kwamba mche unaokufa masika, mara nyingi haukuuliwa na ugonjwa. Umekosa pumzi. Ugonjwa huja baadaye kumalizia. Kwa hiyo kabla hujanunua dawa, chukua kijiti na kisu, upige magoti.

Majani yananyauka na udongo umelowa

Hili ndilo linalowachanganya watu zaidi, kwa sababu mti uliozama na mti wenye kiu hufanana. Majani yanalegea yote mawili. Bi mkubwa mmoja wa jirani aliniita niuone mkwaju wake mchanga, akasema, "Mwanangu, naumwagilia asubuhi na jioni na mvua inanyesha, lakini hausikii." Nikamwambia, "Bi mkubwa, kwa ruhusa yako tuufukue kidogo."

Mzizi unapumua kama sisi. Hewa yake imo katika vipenyo baina ya chembe za udongo. Mvua ikijaza vipenyo hivyo na maji yasipate pa kuondokea, viumbe wadogo waliomo udongoni hutumia oksijeni iliyobaki kwa siku chache, kisha mzizi unakufa. Mzizi uliokufa hauwezi kupandisha maji, hata kama umesimama ndani yake. Ndipo jani likalegea, na mwenye mti akaenda kuchota ndoo nyingine.

Fukua upande mmoja tu, shubiri moja kutoka kwenye shina, taratibu kwa vidole. Mzizi mzima ni mweupe au una rangi ya maziwa ya nazi, na ukiuvuta unagoma. Mzizi uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta ganda lake linavuka na kubaki kwenye vidole vyako kama soksi, ndani ukabaki uzi mwembamba. Kisha nusa udongo. Harufu ya yai viza maana yake hewa imekwisha huko chini. Tazama na rangi: udongo wa kijivu wenye mabaka ya rangi ya kutu umekuwa ukishika maji miaka na miaka, si mwaka huu tu. Kwa bi mkubwa tulikuta yote matatu.

Sababu zenyewe si moja, na dawa ya hii haitibu ile.

Ya kwanza ni udongo wenyewe. Kinamo, ule udongo mzito unaonata kwenye jembe, hushika maji. Kinongo, ule udongo mwekundu, na kichanga hupitisha. Pima hivi: chimba shimo la upana wa futi moja na kina cha futi moja na nusu, lijaze maji, liache lifyonze, lijaze tena, kisha simamisha kijiti chenye alama. Maji yakishuka inchi moja au mbili kwa saa, panda unachotaka. Yakishuka chini ya nusu inchi, hapo ni mahali pa miti inayopenda maji. Usigombane napo.

Ya pili naiona sana vilimani, na wengi hawaijui: shimo limekuwa chungu. Mtu amechimba kwenye udongo mzito uliolowa kwa mtaimbo au panga, kuta za shimo zikalainika na kung'aa kama zilizopigwa rangi. Akajaza samadi na udongo mwepesi ndani. Maji ya mvua hukimbilia kwenye udongo mwepesi, yakifika kuta laini hayapiti, na mche unakaa ndani ya chungu kilichojaa. Dawa yake ni kukwaruza kuta kwa ncha ya jembe mpaka ziparuzike, na kurudisha udongo uleule uliotoka shimoni, samadi ikiwekwa juu. Siku hizi sichimbi kabisa ikiwa udongo ukifinyangwa unakaa kama mpira. Nasubiri siku mbili za jua.

Ya tatu ni kupanda chini mno. Pale shina linapokutana na mizizi pana uvimbe kidogo, na pale pawe sawa na uso wa ardhi au juu yake kidogo. Masika mimi hupanda kwenye kichuguu cha inchi nne au tano, kipana kama sinia. Matandazo nayo yasiguse shina. Nimeona mtu amelundika majani makavu mpaka kiunoni mwa mche kwa mapenzi, na gome likaoza pote lilipofunikwa.

Ya nne ni upepo. Kusi ikianza kuvuma Aprili, mche mrefu uliofungwa kwenye mti mmoja mwembamba hutikisika siku nzima. Ukiutazama chini utaona tundu kama faneli kuzunguka shina, na maji yamekaa mle. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja mwaka 1872 kilikuja mwezi huu huu wa Aprili, kwa hiyo wazee wetu wana sababu ya kutoiamini mvua yenye upepo. Punguza majani ya juu, funga mche kwa kamba legevu ya makumbi kwenye vigingi viwili, theluthi moja ya urefu wake kutoka chini, uchezecheze kidogo bila kung'oka. Ziba faneli kwa udongo na ukanyage kwa kisigino, polepole.

Ukishajua sababu, fungua mtaro mwembamba upande wa chini wa mche maji yatoke, acha kumwagilia, usitie mbolea yoyote, kwa maana mzizi uliojeruhiwa huungua na mbolea. Mche mdogo unaweza kuung'oa pamoja na udongo wake na kuupandisha kwenye kichuguu. Mpapai usiusubiri. Mpapai uliosimama kwenye maji siku mbili hupona kwa nadra, na mimi baada ya hapo huukata na kupanda mwingine mahali pa juu.

Mkwaju wa bi mkubwa tuliuhamisha juu ya kiambo chake. Pale ulipokuwa tulipanda mtomondo, mti wa kwetu unaoota wenyewe kandokando ya vijito na mabonde yenye maji, na kuuzunguka akatia magimbi. Mahali palepale alipopaita pabaya sasa ndipo anapokata magimbi ya futari.

Majani ni ya njano lakini hayakulegea

Tazama ni majani gani. Swali hilo peke yake linamaliza nusu ya kazi.

Yakiwa ya chini, ya zamani, yamepauka yote na yale ya juu bado ya kijani, basi mvua imesomba naitrojeni. Naitrojeni husafiri na maji, na udongo uliokosa hewa huipoteza hewani pia. Mti huinyonya kutoka kwenye majani mazee na kuipeleka kwenye machipukizi. Subiri mvua ipungue kisha tia samadi iliyooza au mboji, kidogokidogo mara mbili tatu. Mtu anayemwaga mbolea ya dukani siku ya mvua kubwa anailisha bahari, na bahari yetu haiihitaji.

Yakiwa ya juu, machanga, ya njano na mishipa yake ya kijani kama mchoro wa wavu, tatizo ni chokaa. Hili ni la maweni: Micheweni, Kiuyu, na kule Unguja upande wa mashariki na kusini. Mawe yale ni matumbawe ya kale, na chokaa yake huufungia mti chuma kilichomo udongoni. Chuma kipo, mti hauwezi kukichukua. Mboji nyingi husaidia. Majivu yanaharibu, na hapa naomba nisikilizwe vizuri, kwa sababu majivu tumezoea kuyatia kila mahali. Majivu hupunguza ukali wa udongo mchachu wa vilimani na huko yanafaa. Ukiyatia maweni unaongeza chokaa juu ya chokaa.

Kwa maweni mimi sipandi mti wa kinongo nikaulazimisha. Napita kwenye kichaka cha jirani nitazame kilichoota chenyewe juu ya jiwe: mkwamba, mdaa, mkaaga, mikuyu iliyoingiza mizizi kwenye nyufa, mbuyu. Hiyo ndiyo inayojua kuishi pale. Shimo la maweni nalo si la kuchimba popote. Tafuta ufa ulio na udongo, ingiza mtaimbo, ukizama mpaka kwenye mkono wako hapo ndipo pa kupanda, hata kama mistari haitanyooka.

Miche ya kitaluni inaanguka kama iliyokatwa

Asubuhi unakuta miche iliyokuwa wima jana imelala. Inama utazame shingo: pale inapotoka udongoni pamekuwa pembamba kama uzi, rangi ya maji ya chai. Ni ukungu wa udongoni, na huenea kwa duara kutoka mche wa kwanza.

Sababu huwa ni sisi. Mbegu zimemwagwa kwa wingi mahali pamoja, kivuli ni kizito, viriba vimekaa kwenye udongo unaotiririka na matundu yake ya chini yamezibwa na tope. Toa miche iliyoanguka pamoja na udongo wake na uitupe mbali na kitalu. Pandisha viriba juu ya kokoto au kichanja cha fito. Punguza makuti ya paa ili jua la asubuhi liingie, na mwagilia asubuhi tu, jioni hapana. Angalia pia matone: kuti likichuruzika mahali pamoja huchimba kiriba mpaka mbegu ikatoka.

Wakati wa kupanda, kiriba kivuliwe chote. Chana kwa wembe, tazama mizizi ya chini. Ikiwa imejizungusha kama kata ya kubebea ndoo, ikate ule mzunguko. Mti wenye mizizi iliyojisokota hukua vizuri miaka miwili mitatu na kisha kusi ikaulaza.

Mbegu hazioti

Kwa mtondoo, gonga ganda kwa nyundo mpaka lipasuke na utoe kokwa nzima. Ikioteshwa na ganda lake huchukua karibu miezi miwili, bila ganda wiki tatu hivi. Kwa mvule ni kinyume: mbegu yake ni ndogo kama ya pilipili, na uhai wake hupungua haraka ikiwekwa. Ioteshe siku zilezile ulizoiokota. Na mbegu za ndani ya Ngezi hazichukuliwi kiholela, maafisa wa misitu ndio wanaotoa ruhusa. Hasa mpapindi, ule mpopoo wa mwituni usioota kwa asili popote duniani ila Pemba.

Ncha za mvule zimevimba na kuoza

Majani machanga ya mvule yamekunjana, yana vivimbe vya kijani vinono kama punje za mbaazi. Baada ya siku kadhaa vinapasuka, utomvu unatoka, ncha inakuwa nyeusi na kufa. Mche unatoa ncha mpya, nayo inavimba. Ukiacha, mti unabaki kichaka cha futi tatu mwaka mzima.

Mvua haihusiki hapa, ingawa huonekana sana masika kwa sababu ndipo mvule unapochipua. Ni mdudu mdogo anayetaga kwenye chipukizi, na kinda lake huishi ndani ya kivimbe. Kupuliza dawa hakufai maana amejifungia ndani. Kata ncha zenye vivimbe kabla hazijapasuka, zichome moto siku hiyohiyo.

Kinga yake ni namna ya kupanda. Anayepanda mivule hamsini kwa mstari juani amemwandalia mdudu huyu karamu. Ipande mmojammoja, katikati ya miti mingine, kwenye kivuli chepesi cha migomba au mikuyu, jinsi inavyoota yenyewe msituni. Kivuli hicho kipunguzwe mche ukishavuka urefu wa mtu.

Tungule (nyanya) zimenyauka ghafla, majani bado mabichi

Jana zilikuwa na maua, leo zimelegea zote, hazikupitia njano wala madoa. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole. Kitumbukize nusu kwenye glasi ya maji safi yaliyotulia, ukishike wima, usitikise. Ndani ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinateremka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko wa bakteria. Zisipoteremka, rudi kwenye mizizi na maji yaliyosimama.

Ikiwa ni bakteria, hakuna dawa ya kuutibu mmea. Ng'oa, usitie kwenye mboji, usiburute kwenye tuta jingine, osha jembe na viatu. Tungule, bilingani, pilipili na mbatata zote ni jamii moja, zisirudi hapo kwa misimu kadhaa. Panda mahindi au mchicha. Bakteria hawa husafiri na maji yanayotiririka, kwa hiyo tuta la ugonjwa lisiwe juu ya tuta zima. Mimi tungule zangu nazipanda mwisho wa Mei zikue kipupwe. Za Aprili nimeziacha, nimechoka kuzizika.

Mikoko iliyopandwa haikai

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu nguvu za watu wengi zimepotea matopeni. Vijana wa skuli, akina mama, wavuvi, wote wamekwenda na magunia ya mbegu, wamepanda kwa nyimbo, na baada ya miezi sita hakuna kitu. Na pale Pemba ambapo maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde ya mpunga, kukosa mikoko si jambo la mandhari, ni chakula cha nyumba.

Anza na swali moja: hapo zamani palikuwa na mikoko? Kama hapakuwa, huenda hapafai. Kama palikuwa, kwa nini haijarudi yenyewe, na mbegu zinaelea kila bamvua, maji yanapojaa sana? Jibu lake ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya mbegu hata moja.

Mbegu zimeelea na kuondoka: umepanda chini mno, ambako wimbi linapiga, au umepanda siku za bamvua. Panda maji mafu, yale yasiyojaa sana, yakianza, mbegu ipate siku kadhaa za utulivu. Izamishe theluthi moja ya urefu wake, si zaidi.

Shina limefunikwa na magamba meupe makali yanayokata vidole: hao ni wanyama wadogo wa baharini wanaojigandisha kwenye kila kitu kinachozama muda mrefu. Wakiwa wengi, eneo hilo linakaa majini saa nyingi kuliko mkoko unavyostahimili. Usikae kuwakwangua, panda juu zaidi. Na usipande mikoko kwenye majani ya bahari. Pale ni malisho na malezi ya samaki tayari, utaharibu kimoja usipate kingine.

Majani yamekatwa na shina limetafunwa: kaa. Mche mkubwa wa kiriba, uliokwisha kuwa mgumu, huwashinda kuliko mbegu mbichi. Wengine huiacha mbegu ikauke kivulini siku chache ipoteze utamu kabla ya kuipanda.

Mche umesimama lakini ni wa njano, mfupi, hauendi: mara nyingi aina siyo. Watu hupanda ile aina iitwayo mkoko hasa kila mahali kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kushika. Lakini pwani ina ngazi zake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unatazama bahari. Mkoko na muia hufuata kwenye tope laini lenye maji ya kila siku. Mkandaa uko nyuma, pakavu zaidi. Mchu unaweza kuonekana mbele na nyuma pia, hata kwenye uwanda wenye chumvi nyingi ambako mingine hufa. Mkomafi na msikundazi hupenda mahali maji matamu ya bara yanaposhuka. Tembea kwenye mikoko mizima iliyo karibu wakati maji yamekupwa, hesabu ngazi hizo, kisha panda kwa kuzifuata.

Eneo zima limekufa, hata miti mikubwa: tafuta barabara, tuta au jaa lililoziba mkondo. Mkondo ukizibwa, maji ya bahari hayaingii au hayatoki, chumvi hulundikana au tope huoza. Vijana kumi wenye majembe wakiufungua mkondo kwa siku mbili wanaweza kufanya kazi kuliko mbegu elfu kumi, kwa sababu mbegu za asili zitaingia zenyewe na kila moja itashika pale inapopaweza. Fanyeni hivyo mkiwa na sheha, kiongozi wa mtaa, na watu wa misitu, kwani mikoko ni mali ya umma.

Mbegu ya mkoko iliyokomaa ina alama. Baina ya kichwa cha kahawia na fimbo ya kijani hutokea shingo ya manjano, na ukiizungusha kidogo inaachia yenyewe. Ikihitaji kuvunjwa, bado. Masika ni wakati mzuri wa kazi hii, kwa kuwa mvua huipunguza chumvi ya tope na mche mchanga unapata nafasi.

Majani yanaliwa usiku

Matundu yasiyo na mpangilio na ute unaong'aa ni koa. Majivu uliyozungushia mche yamekwisha nguvu kwa mvua ya kwanza. Waokote usiku kwa kurunzi, ukivaa mfuko mikononi, kwani hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu, na mboga zioshwe vizuri. Kifuu kilichotobolewa chini, kikavishwa mche mdogo kama kola, husaidia. Ncha iliyochanika na majani kung'olewa ni mbuzi, na dawa ya mbuzi ni kuzungumza na mwenye mbuzi kabla ya kununua nyavu.

Mche ulipona masika, ukafa Agosti

Hii huuma. Umeuvusha kwenye maji yote, kipupwe kimeingia, mvua ya mchoo imetoa manyunyu mawili matatu, na mche unakauka.

Fukua tena. Utakuta mizizi yote imelala juu, inchi mbili tatu. Masika ilikuwa imejaa maji chini, mzizi haukuwa na sababu wala uwezo wa kushuka. Udongo wa juu ulipokauka, mzizi ukakosa maji ya juu na ya chini. Kwa hiyo mtaro niliosema hapo mwanzo unafanya kazi ya Aprili na ya Agosti pia. Wiki ya mwisho ya Mei, udongo ukiwa bado na unyevu, tandaza majani makavu au makumbi yaliyochanwa, unene wa mkono, duara la mita moja, ukiacha shina wazi upana wa ngumi. Ng'oa nyasi ndani ya duara hilo tu. Nje yake acha vichaka vya mkwamba visimame, vinakinga upepo na kivuli chake ni cha bure. Anayefyeka shamba zima liwe jeupe ndiye anayemwagilia hadi vuli.

Kwenye mteremko ongeza mstari wa mchaichai kukingama kilima, si kushuka nacho. Ukiona maji ya njiani kwako ni mekundu kama chai ya rangi, huo ni udongo wako unaokwenda.

Kuna miche usiyoipanda

Watu huniambia hili kama tatizo: chini ya mshelisheli au mwembe pameota vitu, je, ni magugu? Kabla hujatia panga, tazama juu. Ikiwa usiku huwa wanakuja popo, hilo ni shamba walilokupandia. Popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya mekundu, hula embe, mashelisheli na matunda ya mikuyu, na mbegu huzidondosha anapolala na anapopita. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa sababu ya kuwindwa. Watu wa vijiji kama Kidike waliamua kuwalinda, na sasa ni maelfu kwa maelfu. Kila usiku wanafanya kazi ambayo kitalu changu hakiwezi.

Ng'oa jani moja la mche usioujua, ulilinganishe na majani ya miti mizee iliyo karibu, au mwulize mzee anayejua miti ya dawa. Mlusina na mwarobaini hung'olewa ukiwa bado mdogo, kabla haujatawala. Mkuyu, mvule, mbungo, mtondoo huachwa. Kwangu, chini ya mshelisheli wa nyuma ya jiko, mwaka huu imeota mikuyu minne na mbungo mmoja. Nimeichomekea vijiti na kuifunga vitambaa vyekundu, na kijana anayenisaidia kufyeka nimemwonyesha mmojammoja kwa mkono, maana kitambaa hupeperushwa na kusi.